Kujitolea katika bustani ya umma: omba kipande chako kabla hujaomba cheo

Mpogoaji (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda sasa nimekuwa nikipokea ujumbe wa faragha kutoka kwa watu wanaotaka kujua namna ya kujiunga na vikundi vya wananchi vinavyosaidia kutunza bustani za umma, yaani vile vikundi ambavyo mara nyingi hujiita "marafiki" wa bustani fulani. Nimekuwa mwanachama wa kikundi kimoja cha namna hiyo kwa miaka saba, na katika minne ya karibuni ndiye ninayepanga zamu za watu wa kujitolea. Nimeona ni heri niandike mara moja mahali ambapo wengine wanaweza kunisahihisha, kuliko kurudia majibu yale yale pembeni.

Nianze na jambo linalowachanganya wengi. Uanachama na kujitolea ni milango miwili tofauti. Mwanachama hulipa ada, huhudhuria mkutano mkuu wa mwaka, hupiga kura na anaweza kugombea uongozi. Anayejitolea huja na mikono yake, na katika vikundi vingi hatakiwi kulipa chochote, bali kuandika jina lake kwenye daftari la mahudhurio na kusikiliza maelezo ya usalama. Wapo wanachama ambao hawajawahi kushika reki, na wapo wanaojitolea miaka nenda miaka rudi bila kadi. Wote wana faida, lakini usipojua umeingilia mlango upi, utakuja kulalamika kwamba hukushirikishwa katika uamuzi ambao kikatiba hukuwa na kura ndani yake.

Swali la kwanza ambalo ningemshauri mtu aulize halihusu ada. Aulize kikundi kina karatasi gani kati yake na mwenye bustani. Bustani ya umma ina mwenyewe, awe manispaa, halmashauri, wakala wa misitu au idara nyingine ya serikali, na kikundi si mwenyewe hata kama kimekuwapo kwa miaka thelathini. Hati ya makubaliano ndiyo inayosema nani anaruhusiwa kupanda, kukata na kuchimba, nani anaondoa taka zilizokusanywa, vifaa vinafungiwa wapi, na bima ya nani itamhudumia mtu akiangukiwa na tawi. Kikundi kilicho makini kitakuonyesha hati hiyo bila kukasirika. Kisichokuwa nayo kitakuambia kwamba "tunaelewana vizuri na msimamizi", na msimamizi, kama watumishi wote, huhamishwa.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike kichwa cha uzi huu kama nilivyokiandika.

Katika mwaka wangu wa pili tulipanda miche 200 kwa siku moja. Kulikuwa na fulana za kufanana, hotuba na wapiga picha; mgeni rasmi alipanda mche wake akiwa na glavu mpya, akaondoka kabla haujamwagiwa maji. Miezi kumi baadaye nilizunguka na daftari kuhesabu iliyobaki hai, nikapata 37. Hakuna aliyeiua kwa kusudi. Mingine ilipandwa kwa kina kupita kiasi, hadi shingo ya mti, pale shina linapoanza kutanuka kuelekea mizizini, ikazikwa. Mingine ilirundikiwa matandazo mpaka kwenye gome, unyevu ukaganda hapo, shina likaoza. Iliyo mingi ilikufa kwa kiu tu, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani kwamba mwenzake anamwagilia. Mti uliohamishwa kutoka kitaluni unahitaji maji ya uhakika kwa miaka miwili hadi mitatu ya mwanzo, mpaka mizizi yake isambae na kujitafutia, nasi tulikuwa tumeupangia siku moja.

Baada ya aibu hiyo tulibadili utaratibu. Tuligawa bustani katika vipande 14, na kila kipande kina watu wake wawili au watatu wanaojulikana kwa majina. Hatukubuni jambo jipya. Central Park ya New York, yenye ukubwa wa hekta 341, ilikuwa imechakaa vibaya katika miaka ya 1970. Kikundi kilichoundwa mwaka 1980 ili kuikomboa, Central Park Conservancy, kilikuja kuigawa katika maeneo 49, kila eneo likiwa na mtunzaji anayewajibika kwalo akisaidiwa na watu wa kujitolea. Faida ya mgawanyo huo ni kwamba nyasi zikikauka au ukingo wa njia ukibomoka, inajulikana ni nani wa kuulizwa. Kwetu kipande kilicho kidogo kuliko vyote ni ngazi moja na vitalu viwili vya maua vilivyo kando yake, na kimekuwa katika mikono ya mtu yule yule kwa miaka mitano.

Kwa hiyo, unayetaka kujiunga, usiombe nafasi kwenye kamati siku ya kwanza, wala usisubiri siku ya tukio kubwa. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 5 Desemba kuwa siku ya kimataifa ya watu wa kujitolea tangu mwaka 1985, na mimi sina ugomvi na siku hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba ikifika tarehe 6 mabomba ya maji hubaki bila mtu. Omba kipande ambacho ratiba yako inakuruhusu kukirudia.

Maswali yanakaribishwa, na pingamizi pia.

Mgeni Njiani

Asante sana kwa uzi huu, mkuu. Mimi ni mmoja wa wale waliokutumia ujumbe, na naomba kuuliza hadharani ili wengine wafaidike. Ninafanya kazi mpaka jioni siku zote za wiki, nina Jumamosi moja tu huru kati ya mbili, na mgongo wangu hauniruhusu kuinama kwa muda mrefu wala kubeba toroli. Je, mtu kama mimi si mzigo kwa kikundi? Nisingependa kwenda mahali nikahurumiwa.

Mpogoaji

Dada, karibu. (Kama ni kaka, unisamehe.)

Jumamosi moja kati ya mbili, ukiisema mapema na ukaitimiza, inafaa kuliko ahadi ya kila siku isiyotimizwa. Mpangaji wa zamu hasumbuliwi na mtu mwenye muda mfupi. Anasumbuliwa na mtu asiyejulikana kama atakuja. Zamu zetu ni za saa mbili. Tulipozifanya za asubuhi nzima, watu walikuja mara moja na hawakurudi, kwa kuwa walikwenda nyumbani na maumivu ya siku tatu.

Kuhusu mgongo, sehemu kubwa ya kazi haihusiani na jembe. Kuna kupokea wageni na kuwaandikisha, kukagua glavu na makoleo kabla ya zamu na kuyahesabu baada yake, kupiga picha kutoka sehemu ile ile kila mwezi ili mabadiliko yaonekane, kuandika kumbukumbu za vikao na kufuatilia barua. Sehemu ya kwanza ya High Line, ile bustani ya New York iliyojengwa juu ya reli ya zamani, ilifunguliwa mwaka 2009, na kikundi cha marafiki wake kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1999 ili isibomolewe. Miaka kumi hiyo ilikuwa ya barua, michoro, vikao na kuzungumza na watu wa mji. Jembe lilikuja mwishoni.

Ipo pia kazi ambayo vikundi vingi huisahau, nayo ni kuhesabu viumbe. Mtu mwenye subira anaweza kukaa kwenye benchi na simu, akapiga picha za ndege, vipepeo na maua, akaziweka kwenye iNaturalist, jukwaa lililoanza mwaka 2008, ambako watu wengine husaidia kutambua majina. Baada ya miaka miwili kikundi kinakuwa na orodha ya kuonyesha mwenye bustani anapotaka kuchukua kona fulani kwa maegesho. Hilo halihitaji mgongo.

Jicho Kavu

Samahani, nitaharibu hali ya hewa kidogo.

Ninyi mnaojitolea mnafanya kazi ambayo kuna watu wanapaswa kuajiriwa kuifanya. Bustani ni ya umma, umma unalipa kodi, na kodi ndiyo inayopaswa kulipa mishahara ya wafyekaji na wamwagiliaji. Kila mnapofagia bure, ofisi husika inaona kwamba fedha za kufagia zinaweza kupelekwa kwingine, na mwaka unaofuata fungu linapunguzwa. Mfano wako wa Central Park ni mzuri kwa upande wangu pia. Bustani ile imezungukwa na watu wenye uwezo mkubwa, hivyo ikapata wachangiaji. Je, bustani za mitaa ya maskini katika mji ule ule ziliokolewa na nani? Mfumo wa marafiki unazipa fedha bustani zenye marafiki matajiri, na nyingine zinabaki na vumbi lao.

Mpogoaji

Hujaharibu kitu, ndugu. Hoja hiyo ni nzito, na nisingekuwa mkweli kama ningesema tumeshaimaliza.

Upande wa haki baina ya mitaa nakubaliana nawe moja kwa moja. Lawama hiyo imetolewa kwa miaka mingi dhidi ya mtindo wa kuziachia bustani mifuko ya wachangiaji, na ina msingi. Nijuavyo mimi, kikundi kimoja hakina dawa yake; dawa iko kwenye bajeti ya mwenye bustani.

Upande wa ajira tumejiwekea mpaka ulioandikwa. Kazi zilizomo katika mikataba ya wafanyakazi wa bustani, kama kufyeka nyasi, kuondoa mapipa ya taka na kusafisha vyoo, hatuzigusi, hata pale zinapolala. Zikilala tunaziandika. Tuna daftari la kasoro lenye tarehe, mahali, picha, siku tuliyoripoti na siku iliyorekebishwa, na kila robo mwaka nakala inakwenda kwa mwenye bustani na kwa wawakilishi wa wananchi wanaopitisha bajeti. Mwaka mmoja daftari hilo lilionyesha kwamba bomba moja lilikuwa limeripotiwa mara tisa. Fundi aliajiriwa. Kama tungelitengeneza wenyewe kwa ile ripoti ya kwanza, tungesifiwa, na bustani isingepata fundi.

Watu hudhani kusaidia bustani ni kushika jembe. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, aliyeisaidia bustani ile kuliko wote alikuwa Wangari Maathai, na alichoshika kilikuwa kalamu. Aliandikia ofisi moja baada ya nyingine, za ndani na za nje, akatukanwa hadharani, na hatimaye mpango ule ukaachwa. Kikundi ambacho kinafagia vizuri lakini hakiwezi kuandika barua kama ile siku ikihitajika, mimi nakiona kama kampuni ya usafi isiyolipwa, na hapo ndipo hoja yako inapotupata sawasawa.

Jicho Kavu

Nimekuelewa. Bado sijashawishika kwamba vikundi vingi vina daftari hilo, ila chenu nakiheshimu.

Mhasibu Mstaafu

Wanangu, naomba niongeze juu ya fedha, kwa kuwa nimekuwa mtunza hazina wa kikundi kwa vipindi viwili na nimeona urafiki ukivunjika kwa sababu ya risiti.

Anayejiunga aangalie mambo ya kawaida kabisa: akaunti iwe ya kikundi, haipaswi kuwa ya mtu binafsi, malipo yatiwe saini na watu wawili ambao hawaishi nyumba moja, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wanachama, wala isihifadhiwe kwenye mfuko wa mwenyekiti. Hayo kila mtu anayajua, ingawa si kila mtu anayafanya.

Ambalo watu hawalijui ni kwamba zawadi ina gharama. Nitatoa mfano wa benchi. Familia iliyofiwa inakuja na fedha, inataka benchi lenye kibao cha jina la marehemu chini ya mti fulani. Kamati inaguswa, inapokea, benchi linawekwa, picha zinapigwa. Baada ya miaka minane mbao zimeoza, na familia inarudi ikiwa na uchungu mpya kuuliza kwa nini kumbukumbu ya mpendwa wao imetelekezwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba benchi lina muda wake, hakuna akiba ya matengenezo, na walioipokea fedha ile wameshatoka madarakani. Sisi tulipata mabenchi sita ya namna hiyo kwa mkupuo. Sasa tunapokea kwa barua yenye muda maalumu wa miaka kumi, sehemu ya mchango inatengwa kwa matengenezo, na muda ukiisha familia inaulizwa kwanza kama inataka kuendelea. Mwanzoni nilidhani watu wataona tunafanya biashara juu ya msiba. Wengi walishukuru, kwa sababu walijua wamepewa nini.

Kanuni hiyo hiyo itumike kwa chemchemi, sanamu, vifaa vya michezo na chochote kinachotolewa bure. Kabla ya kusema asante, ulizeni ni nani atakayekipaka rangi.

Mpogoaji

Shikamoo mzee wangu. Habari ya benchi nitaipeleka kwenye kamati yetu kama ilivyo, kwa sababu tunayo manne na hatuna barua hata moja.

Mlezi wa Vijana

Nami nauliza kwa ufupi. Nasimamia kundi la wanafunzi wa umri wa miaka 12 hadi 15, nao wana hamu ya kushiriki. Je, vikundi hivi hupokea watoto?

Mpogoaji

Vingi hupokea, kwa masharti, na kisichokuwa na masharti usikipelekee watoto. Wazazi watie saini ridhaa, pawepo walimu au walezi wa kutosha, mtu mzima yeyote asibaki peke yake na mtoto, na picha zisitumwe mtandaoni bila ruhusa. Kazi za watoto ziwe ni kupanda, kumwagilia, kutandaza matandazo na kuhesabu viumbe. Kuokota taka kwenye vichaka tunawaachia watu wazima, kwa sababu huko hupatikana vioo na sindano. Hata mtu mzima akiona sindano haishiki kwa mkono wenye glavu ya kitambaa. Anatumia koleo, anaitia kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, na kama hana chombo anaweka alama na kumwita anayehusika. Na kila anayefanya kazi kwenye udongo ahakikishe chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Tumbusi Mtulivu

Ndugu mleta uzi, umeandika vizuri, lakini umepita haraka kwenye jambo ambalo kwangu ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote, nalo ni kazi inayofanywa kwa moyo mweupe na kwa ujinga.

Mimi ni mtazamaji wa ndege. Nilijiunga na kikundi kimoja kwa furaha, na zamu yangu ya kwanza ilikuwa ya "kusafisha" kona ya nyuma ya bustani. Tulikata vichaka vyote, tukaondoa magogo yaliyolala, tukafagia majani makavu mpaka udongo ukang'aa kama sakafu. Kila mtu alipiga makofi. Kona ile ndiyo ilikuwa na viota, na ulikuwa msimu wa kuatamia. Magogo yale yalikuwa nyumba ya mbawakawa, kuvu na mijusi, na majani makavu yalikuwa ndiyo mbolea na blanketi la miti ile ile tuliyodai kuipenda. Mvua ya kwanza iliyonyesha ilibeba udongo wa juu ikauingiza kwenye mtaro.

Watu wanaleta usafi wa sebuleni ndani ya bustani. Jani kavu chini ya mti halipaswi kuitwa uchafu. Chupa ya plastiki ndiyo uchafu.

Mpogoaji

Umenikamata, na ninastahili. Kosa hilo nasi tulilifanya, isipokuwa kwetu lilikuwa la lantana.

Nieleze, kwa sababu linafundisha upande wa pili. Lantana ni kichaka chenye maua mazuri ya rangi mchanganyiko, na katika nchi nyingi za joto ni mmea vamizi unaosonga mimea mingine. Tulitangaza vita. Watu arobaini walikuja na mapanga, wakakata kila kilichoonekana hadi usawa wa ardhi, wakaenda nyumbani na ushindi. Kisiki cha lantana kikikatwa hivyo huchipua upya, tena kwa wingi, na mbegu zake husambazwa na ndege wanaokula matunda yake. Tulikuwa tumeipogoa tu. Ilitubidi tuanze tena kwa kung'oa shina pamoja na mizizi yake ya juu, eneo dogo dogo, tukipanda papo hapo mimea ya asili ili ardhi isibaki tupu, na kurudi kila baada ya wiki chache kung'oa miche midogo. Watu sita waliofanya hivyo kwa mwaka mzima walimaliza kile ambacho arobaini hawakukiweza kwa siku moja. Mambo hayo hayo yako kwenye bwawa: magugumaji yanaondolewa leo, na mbegu zilizozama kwenye tope hubaki hai kwa miaka mingi zikisubiri.

Kwa hiyo kwetu sasa hakuna zamu ya kukata inayopangwa kabla mtu mmoja anayejua mimea na mmoja anayejua ndege hawajapita na utepe kuweka alama: kinachoguswa, kisichoguswa, na kinachosubiri msimu upite. Kikundi kikikuambia "kata tu", weka panga chini uulize ni nani aliyepita na utepe.

Tumbusi, kama uliacha kujitolea kwa sababu ya siku ile, nakuomba urudi. Watu wa utepe ndio wachache kuliko wote.

Tumbusi Mtulivu

Sikuacha kujitolea. Nilihama kikundi.

Kimya Kingi

Naomba nizungumzie hicho, kuhama. Kikundi chetu kina mwenyekiti aliyekianzisha, na bila yeye kisingekuwapo. Lakini ufunguo wa stoo uko kwake, namba za watu ziko kwenye simu yake, barua za manispaa zinakwenda kwa jina lake, na akisafiri hakuna zamu. Uchaguzi haujafanyika kwa miaka sita kwa madai kwamba hakuna anayetaka. Tukimwambia, anasema tunamsaliti baada ya jasho lote. Nampenda mzee huyu na sitaki kumuumiza. Mtu anafanyaje?

Mhasibu Mstaafu

Mwanangu, msianze na kiti. Anzeni na ufunguo. Ombeni ufunguo wa pili wa stoo kwa ajili ya dharura, kisha orodha ya wanachama iwe na nakala kwa katibu, kisha barua ziende kwenye anwani ya kikundi. Kila moja la haya ni dogo mno kukataliwa kwa heshima, na yakishatimia matatu, mtakuwa na kikundi ambacho kinaweza kufanya uchaguzi. Mkianza na uchaguzi mtampa sababu ya kupigana, na anayeujua mlango wa stoo ni yeye. Mwisho wake mpeni kazi ya kudumu anayoipenda, kwa sababu mwanzilishi asiye na kazi huwa mwangalizi wa makosa ya wengine.

Mpogoaji

Sina la kuongeza hapo, zaidi ya kwamba mtu binafsi anayeondoka naye ana wajibu wake. Mwambie mpangaji wa zamu kabla ya kuondoka, rudisha ufunguo na glavu, na mtembeze anayekupokea kwenye kipande chako japo mara moja. Kuna koki moja kwenye bustani yetu ambayo hufunguka kwa kuzungushwa upande usio wa kawaida. Tuliipoteza kwa miezi miwili kwa sababu aliyeijua alihama mji bila kuaga.

Mgeni Njiani

Nimerudi baada ya wiki tano, na ninaomba radhi kwa kuufufua uzi.

Nilikwenda. Niliuliza kuhusu hati ya makubaliano na nikaonyeshwa. Iko kwenye jalada la bluu na muda wake unaisha mwakani, jambo ambalo hata katibu alikuwa amelisahau, hivyo nimepewa kazi ya kuandika barua ya kuihuisha. Sikuomba cheo. Nimepewa miche 11 iliyo kando ya uzio wa kaskazini, na mpira wa maji unaofika pale bila mimi kubeba ndoo. Mwenzangu wa kipande ni kijana anayekuja Jumanne. Hatujawahi kuonana, tunaandikiana kwenye daftari lililofungwa kwa kamba ndani ya kibanda.

Swali langu ni hili. Kesho ni Jumamosi yangu, na usiku wa kuamkia leo mvua imenyesha. Je, nimwagilie au nisimwagilie?

Mpogoaji

Usiamini mvua kabla ya kuuliza udongo. Mvua nyepesi huosha majani na kulowesha vumbi la juu, mizizi isipate kitu. Chukua kijiti kikavu, kichomeke kando ya mche mpaka kiingie kina cha kiganja, kisha ukichomoe. Kikitoka na udongo uliogandamana, uache mche huo na uende kwa unaofuata. Kikitoka kikavu, mwagilia taratibu kwa muda mrefu, maji yazame, yasikimbie. Upime yote 11, kwa sababu iliyo chini ya matawi ya miti mikubwa huwa haikupata mvua hata kama jirani yake imelowa.

Na hata usipomwagilia mmoja, andika kwenye daftari kwamba ulifika na ulipima. Yule kijana wa Jumanne ataanzia hapo.